Riwaya ya kwanza baada ya miaka arobaini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mtu aliyeshika kazi tatu, nne au saba maishani, na sasa anataka kuandika riwaya kwa Kiswahili. Mambo ya sheria na uchapishaji yanahusu zaidi Tanzania na Kenya.

Nina miaka 47. Sijachelewa?

Hujachelewa. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kwa takriban miaka kumi, kisha akaingia kwenye uhariri wa magazeti. Hadithi yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na ikatoka kitabu mwaka 1960, yeye akiwa na miaka 42. Vitabu vyake vingine karibu vyote vilitoka alipokwisha kutimiza hamsini. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali katika idara kadhaa, forodha na upimaji ardhi zikiwemo, na riwaya yake *Kusadikika* ilitoka 1951 akiwa na miaka 42 vilevile.

Kinachopungua kwa umri ni macho na mgongo. Andika kwa herufi za ukubwa wa 14 kwenye skrini, nafasi mistari miwili, na usikae zaidi ya dakika 50 bila kuinuka.

Nimekuwa karani, nikauza duka, nikaendesha lori, sasa niko hospitali. Nianzie wapi na mchanganyiko huu?

Usianze na riwaya. Anza na daftari la kazi. Kwa kila kazi uliyowahi kufanya, hata ile ya miezi mitatu, andika kurasa mbili na usizidishe. Jibu mambo haya: ulifika saa ngapi na kitu cha kwanza ulichogusa ni kipi, maneno gani yalisemwa pale tu na si kwingine, hitilafu gani ilijirudia kila mwezi, mshahara ulilipwaje na nani alikatwa, na ni jambo gani wafanyakazi wote walilijua na bosi hakulijua.

Swali la mwisho ndilo lenye mali. Kila kazi ina siri yake ya wazi: namna dawa zinavyopungua kabatini, mzigo unavyohesabiwa mara mbili, fundi anavyobakiza saruji. Riwaya nyingi zimejengwa juu ya siri moja ya namna hiyo.

Maneno ya kazi nayo ni mtaji ambao kijana wa miaka 22 hana. Fundi uashi hasemi "kifaa cha kupimia unyofu wa ukuta". Anasema timazi, au pimamaji, na akikasirika anamtuma kibarua akalete karai lililo mbele ya macho yake. Mvuvi hasemi mtego, anasema dema. Usiyafafanue maneno haya kwenye mabano. Yaweke mahali ambapo kitendo kinayaeleza, msomaji atayashika.

Ukimaliza daftari, chagua kazi moja tu iwe uwanja wa riwaya. Ya pili unaweza kumpa mhusika mkuu kama maisha yake ya zamani, na ya tatu ukampa adui yake. Zilizobaki ziache. Kosa la kawaida kabisa la waandishi wa umri huu ni kumpitisha mhusika katika kazi zote walizofanya wenyewe, kwa mpangilio uleule wa miaka. Matokeo yake ni barua ya kuomba kazi yenye kurasa 300.

Je, niandike maisha yangu kama yalivyokuwa, au nibuni?

Kama unataka kila jambo libaki kama lilivyotokea, andika tawasifu, ni fani halali yenye wasomaji wake. Kwenye riwaya utalazimika kuwaunganisha watu watatu wawe mmoja, kulihamisha tukio la 2011 liwe 2004, na kumuua mtu ambaye bado mnasalimiana naye sokoni. Ukiona mkono unakataa kufanya hivyo, basi huko tayari kuandika riwaya ya jambo hilo. Chukua jingine.

Njia moja inayosaidia: badilisha kitu kimoja kikubwa mapema, kwa mfano jinsia ya mhusika mkuu, au mji. Aliyefanya kazi bandari ya Tanga akiihamishia hadithi yake Mombasa hulazimika kuuliza, kutazama ramani, kubuni. Kumbukumbu inaacha kumwamuru.

Niliofanya nao kazi wakijitambua, wanaweza kunishtaki?

Wanaweza, kama mhusika anatambulika na umemzushia jambo linalomvunjia heshima. Kubadilisha jina pekee hakutoshi. Mtu hutambulika kwa cheo, chongo, gari na mtaa. Badilisha angalau vitatu kati ya hivyo. Maneno "wahusika wote ni wa kubuni" mwanzoni mwa kitabu yanasaidia kidogo tu.

Jambo zito zaidi ni siri za kazi. Muuguzi, mwalimu, karani wa benki, askari na mtumishi wa umma wana wajibu wa kutunza siri ambao hauishi siku ya kustaafu. Taarifa za mgonjwa halisi hazifai hata ukizigeuza jina. Nyaraka rasmi usizinukuu.

Kwa nini kurasa zangu zinasomeka kama ripoti?

Kwa sababu umeandika ripoti miaka ishirini. Hili ndilo deni la mtu aliyefanya kazi: kazi imempa mambo ya kusema, na kazi hiyohiyo imemfundisha namna ya kuyaua. Tazama mfano huu wa kituo cha mizani barabarani:

"Baada ya kuwasili katika kituo cha mizani, gari lilipimwa na ikabainika kuwa limezidisha uzito. Kufuatia hali hiyo, dereva aliingiwa na wasiwasi mkubwa na kuamua kuwasiliana na mwajiri wake."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Meneja angepokea na kugonga muhuri. Sasa tazama tena:

"Ekseli ya nyuma ilipopanda kwenye sahani, utingo aliacha kutafuna muwa. Namba nyekundu zikapanda, zikasita, zikapanda tena. Sadi hakuziangalia. Alimwangalia karani dirishani, mkono unavyopapasa meza kutafuta kalamu.
'Simu yako ina chaji?'
'Chaji ipo. Vocha ndiyo hakuna.'"

Neno wasiwasi limeondoka, na wasiwasi wenyewe umeingia. Kitenzi cha kutendwa, "lilipimwa", na cha kutendeka, "ikabainika", vimeondoka pia, kwa sababu vinamficha mtendaji, na riwaya inaishi kwa watendaji. Tena ni lazima uwe umewahi kukaa kwenye lori lile ujue kwamba dereva mzoefu hatazami namba, anatazama mkono wa karani.

Kuna jambo la sarufi ambalo halifundishwi vya kutosha. Ripoti inapenda -li- tupu: alifika stendi, alinunua tiketi, alipanda basi, alikaa dirishani. Msimuliaji wa Kiswahili hufungua kwa -li- kisha huendeleza kwa -ka-: alifika stendi, akanunua tiketi, akapanda. Akirudi kwenye -li- katikati, msomaji anahisi mwendo umekatika. Ndiyo maana "Sadi hakuziangalia. Alimwangalia karani" inasimamisha lori zima. Itumie kwa makusudi. Ukikuta -li- kumi mfululizo kwenye aya moja, saba kati ya hizo zilitaka kuwa -ka-, na moja au mbili zilitaka kuwa -ki-.

Kwa zoezi la haraka, tafuta maneno haya kwenye mswada na uyafute moja baada ya jingine: kufuatia, hali iliyopelekea, suala la, katika kuhakikisha, ilibainika, mnamo, mhusika alielekea. Asilimia kubwa ya sentensi zitabaki zimesimama bila hayo.

Nitumie Kiswahili gani?

Msimuliaji atumie kile unachokiandika bila kusitasita. Wahusika watumie chao. Mzee wa Pemba, konda wa Nairobi na mama ntilie wa Mbeya hawawezi kuongea sawasawa, lakini huna haja ya kuiandika lafudhi yote. Neno moja au mawili ya kwao katika kila mazungumzo yanatosha. Kuandika kila "r" iliyogeuka "l" humchosha msomaji na mara nyingi huwa dhihaka.

Sheng na lugha ya vijiweni huchakaa haraka. Kama hujakaa kijiweni tangu 1998, maneno yako ni ya 1998. Ama hadithi iwe ya mwaka huo, ama umtafute kijana akusahihishie.

Methali ziwe vinywani mwa wahusika, si mwa msimuliaji. Mhusika anaposema methali anajaribu kushinda ubishi. Msimuliaji anapoisema, kwa kawaida ameshindwa kumaliza sura.

Riwaya iwe na urefu gani?

Lenga maneno 50,000 hadi 70,000. Kiswahili hubana: neno moja kama "hatukumwambia" lingekuwa maneno matatu au manne katika lugha nyingine, hivyo usijipime na vitabu vya Kiingereza. Ukurasa wa A4, herufi 12, nafasi mistari miwili, hubeba takriban maneno 250 hadi 280. Maneno 60,000 ni kama kurasa 220 za mswada, na yakipangwa kwenye kitabu cha A5 huwa karibu kurasa 200. Sura ishirini za maneno 3,000 ni mpango mzuri wa kuanzia. Utauvunja, na hakuna ubaya.

Nina kazi na familia. Muda utatoka wapi?

Hesabu ni hii. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 1,500. Mwaka una wiki 52. Toa 12 za misiba, harusi, wageni, homa na mwezi wa mfungo. Zinabaki 40, nazo zinakupa maneno 60,000. Maneno 300 huchukua kati ya dakika 40 na saa moja ukishazoea.

Saa ya kudumu ni bora kuliko saa ndefu. Wengi hufaulu kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na mbili, kabla ya maji ya chai na watoto wa shule. Usiku baada ya kazi hufaa kusahihisha, si kuandika upya. Siku unapoacha, acha katikati ya tukio, sentensi ikining'inia, ili kesho uwe na pa kushika. Anayemaliza sura kila usiku huamka na ukurasa mtupu.

Wikiendi ya "kufidia" haifidii. Aliyekosa siku tano akakaa Jumamosi kwa muda wa saa nane hutoa maneno 900 mazuri na 1,500 ya kuchoka.

Niandike kwa mkono, kwa simu au kwa kompyuta?

Popote mkono wako hausiti. Kila njia ina ajali yake.

Kwa mkono: nunua kaunta buku za kwaya mbili, zenye kurasa 192. Andika upande wa kulia tu, upande wa kushoto uache kwa masahihisho. Kurasa 96 za maneno 200 hadi 230 ni kama maneno 20,000 kwa daftari, kwa hiyo riwaya nzima ni madaftari matatu. Namba za kurasa ziandike siku ya kwanza. Kabla ya kupeleka kwa mchapaji wa steshenari, toa fotokopi au piga picha kila ukurasa. Madaftari hupotea, na mchapaji akihama hana namba ya kukupa. Mpe sura moja kwanza umwone. Wapo wanaosahihisha lahaja yako bila kuulizwa.

Kwa simu: zima kisahihishi cha herufi kabla ya neno la kwanza, la sivyo kila "hata" na "sana" itageuzwa kuwa neno la Kiingereza na hutagundua mpaka sura ya nne. Usiandikie kwenye ujumbe wa WhatsApp ukadhani umehifadhi.

Kwa kompyuta: weka lugha ya hati iwe Kiswahili au uzime ukaguzi wa tahajia, maana mistari myekundu chini ya kila neno inakatisha tamaa. Faili moja kwa riwaya nzima, jina lake liwe na tarehe. Kila Ijumaa jitumie kwa barua pepe. Flashi pekee haitoshi. Virusi vya steshenari vimekula miswada mingi.

Nimefika ukurasa wa 80 nimekwama. Tatizo nini?

Karibu kila mtu hukwama hapo, na mara nyingi ni moja kati ya haya matatu. Umemaliza yaliyokutokea kweli na sasa inabidi ubuni. Au mhusika wako anapatwa na mambo lakini hataki chochote. Au umeingiza watu kumi na wanne na wote wanasubiri mstari wao.

Chukua karatasi moja uandike: nani anataka nini, nani anamzuia, kufikia lini, akikosa atapoteza nini. "Anataka haki" haitoshi. "Anataka kiinua mgongo cha marehemu mumewe kabla mashemeji hawajauza kiwanja" inatosha, na tayari ina tarehe, adui na mlango wa ofisi wa kugongwa. Ukishindwa kuijaza karatasi, usirekebishe lugha ya kurasa 80. Irekebishe karatasi.

Kama karatasi iko sawa na bado umekwama, ruka. Andika tukio unalolijua la mbele, hata la mwisho. Hakuna anayekagua mpangilio wa uandishi.

Rasimu ya pili inafanywaje?

Ifungie wiki nne hadi sita, usiisome. Kisha pita mara tatu, kila mara kwa kazi moja.

Mara ya kwanza ni matukio. Andika kila sura kwa mstari mmoja: nini kimebadilika mwishoni ambacho hakikuwa mwanzoni? Sura ambayo haikubadilisha kitu ikatwe au iunganishwe. Sura ya kwanza na ya pili za waandishi wapya mara nyingi ni historia ya ukoo. Jaribu kuanzia ya tatu.

Mara ya pili ni tarehe na vitu. Mwandishi wa umri wa kati huamini kumbukumbu yake, na kumbukumbu humdanganya. Chora kalenda ya hadithi. Angalia mvua: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, basi usimlowanishe mtu Dar es Salaam mwezi Julai bila sababu. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, hivyo mhusika wako wa 2003 alipokea hela kwa konda wa basi au kwa bahasha. Televisheni Tanzania Bara ilikuja 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Idi husogea kama siku kumi na moja kila mwaka. Kama tukio lako ni Idi ya 1989, tafuta ilikuwa mwezi gani.

Mara ya tatu ni lugha, kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, weka alama, endelea, urekebishe baadaye. Mazungumzo yasomwe na mtu wa pili.

Tegemea kukata sehemu moja kati ya tano.

Nani asome kabla ya mhariri?

Watu watatu au wanne. Mmoja aliyefanya kazi unayoisimulia, mmoja asiyeijua kabisa, mmoja msomaji wa riwaya. Mke au mume si msomaji wa kwanza, labda kama amezoea kukuambia ukweli bila kuangalia sura yako. Usiwaulize "umeionaje?", watasema nzuri, hongera. Waulize: ulipoacha kusoma usiku wa kwanza ulikuwa ukurasa wa ngapi? Ni mtu gani uliyemsahau jina? Ulirudia wapi kusoma? Majibu ya namba hayana adabu, ndiyo yanayofaa.

Mchapishaji na mpigachapa ni tofauti?

Tofauti kabisa, na kuchanganya hao wawili kumewagharimu watu viinua mgongo. Mchapishaji anawekeza fedha zake kwenye kitabu chako: anahariri, anasanifu, analipia uchapaji, anauza, kisha anakulipa mrabaha, yaani asilimia yako ya mauzo. Mpigachapa ana mashine. Unamlipa, anakupa maboksi. Wa tatu ni yule anayejiita mchapishaji lakini anakudai "mchango wa uchapishaji". Huyo ni mpigachapa aliyevaa tai. Kama unataka kulipa, mlipe mpigachapa moja kwa moja, itakuwa nafuu.

Naupelekaje mswada kwa mchapishaji?

Tazama kwanza anachochapisha. Nyumba nyingi za Nairobi na Dar es Salaam zinaishi kwa vitabu vya shule, kwa sababu ndiko kuna wanunuzi wa hakika. Riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha kiada au cha fasihi huuza kwa wingi usiofikiwa na duka lolote. Teuzi hizo hufanywa kupitia taasisi ya mitaala, KICD, kwa Kenya na Taasisi ya Elimu kwa Tanzania, na mchapishaji ndiye anayewasilisha. Hii ndiyo sababu mhariri anaweza kukuomba upunguze matusi au tendo la chumbani. Ni haki yako kukataa, lakini jua anachokiona yeye.

Peleka barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa ukurasa mmoja hadi miwili unaosema mwisho wa hadithi (usimfiche mhariri), na sura tatu za kwanza. Kwenye barua, kazi zako za zamani zipate sentensi mbili: "Niliendesha malori ya masafa marefu miaka tisa" inauza riwaya ya barabarani kuliko vyeti vyote. Subiri miezi mitatu hadi sita, kisha kumbushia mara moja. Baada ya hapo peleka kwingine.

Kwenye mkataba niangalie nini?

Mrabaha wa 10% ni wa kawaida, lakini swali ni asilimia ya nini. Tuseme kitabu ni shilingi 15,000 za Tanzania. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni 1,500. Kama mkataba unasema mapato halisi, na duka limepunguziwa 40%, mchapishaji anapokea 9,000 na wewe unapata 900. Namba ileile kwenye karatasi, pesa tofauti mfukoni. Kwenye malipo hayo hukatwa pia kodi ya zuio.

Angalia vilevile: taarifa ya mauzo itatoka mara ngapi kwa mwaka, haki za sinema, sauti na tafsiri ziko kwa nani (kama mchapishaji hafanyi sinema, zibaki kwako), utapata nakala ngapi za bure, na kifungu cha kurudishiwa haki kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena kwa muda uliotajwa, tuseme miaka miwili. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Bila hicho, riwaya inaweza kulala kwenye kabati la mtu mwingine mpaka wajukuu.

Nikijichapishia mwenyewe?

Inawezekana, ukifuata mpangilio. Uhariri, usomaji wa prufu, upangaji wa kurasa, kisha jalada. Jalada huja mwisho kwa sababu unene wa mgongo unategemea idadi ya kurasa: kurasa 200 ni karatasi 100, na kwa karatasi ya gramu 80 huo ni mgongo wa karibu milimita 10. Aliyesanifu jalada kabla hukuta jina la kitabu limepinda upande wa mbele.

Ndani tumia gramu 70 au 80, jalada kadi ya gramu 250 hadi 300 iliyotiwa laminesheni. Mpigachapa hupanga kurasa kwa mafungu ya 16, hivyo 208 ni bora kuliko 203. Zile tano zilizobaki hulipiwa tupu. Dai nakala moja ya mfano, ikunje mpaka mgongo upasuke. Kurasa zikitoka, gundi ni mbovu, usisaini.

Chapa nakala 200 hadi 300 kwa mashine ya kidijitali mara ya kwanza. Bei kwa nakala itakuwa juu kuliko ukichapa 1,000, na muuzaji atakushawishi kwa hesabu hiyo. Lakini nakala 700 chini ya kitanda, masika mawili na mchwa, si akiba. Fanya hesabu yako hivi: uchapaji 6,000 kwa nakala, bei 15,000, duka linabaki na 6,000, wewe unabaki na 3,000 ya kulipia mhariri, jalada na nauli. Ndiyo maana wanaojichapishia huuza zaidi wao wenyewe, mkononi, kwenye hafla na kazini kwao kwa zamani. Orodhesha wenzako wa kazi zote ulizopita. Hilo ndilo soko lako la kwanza.

ISBN na hakimiliki napata wapi?

ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania, na huduma ya maktaba ya taifa, KNLS, kwa Kenya. Ya Tanzania huanza na 978-9987 au 978-9976, ya Kenya mara nyingi 978-9966. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kinahitaji namba yake. Utatakiwa kupeleka nakala za amana, yaani za kuhifadhiwa, maktaba.

Hakimiliki huanza pale unapoandika, bila muhuri wa mtu, na hudumu uhai wako na miaka 50 baada yake, Tanzania na Kenya pia. Usajili kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar, au KECOBO kwa Kenya, ni ushahidi wa kukusaidia ukiibiwa. Wazo halilindwi, kilichoandikwa ndicho hulindwa.

Mashindano yanafaa?

Yanafaa, hasa kwa sababu yana tarehe ya mwisho. Tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno: urefu, herufi, kama jina lako linaruhusiwa kuonekana kwenye mswada. Kazi nzuri hutupwa kila mwaka kwa sababu jina liliachwa juu ya kila ukurasa.

Niache kazi niandike?

Hapana.

Nitumie jina langu au la kubuni?

La kubuni linafaa kama bado umeajiriwa mahali unapopasimulia, au jina lako linafanana na la mwandishi mwingine. Jalada liwe na jina lolote, lakini mkataba, usajili wa hakimiliki na akaunti ya benki viwe na jina la kitambulisho, na mkataba utaje kwamba fulani anaandika kwa jina la fulani. Ukisahau mstari huo, siku ya mrabaha benki haitamjua mtu wa jaladani.